Kichwa Kilicholalia Kushoto

Watu wa mtaa ule hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Bi Mstari, naye aliitikia huku ameinua kidevu, kama mtu aliyetangaziwa cheo. Alikuwa amesuka vichwa kwa miaka arobaini na miwili, thelathini na minane kati yake katika chumba kile kile cha kando ya barabara chenye mlango wa kijani na viti viwili. Hakuna mteja aliyewahi kutoka mlangoni pale na njia iliyopinda. Njia, kwa msusi, ni ule mpasuo unaoonyesha ngozi ya kichwa kati ya msuko na msuko. Wako wanaoipasua kwa kubahatisha, kisha wakaficha makosa kwa mafuta mengi. Bi Mstari aliipasua kwa ncha ya chanuo mara moja tu, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, bila kurudia. Ukisimama nyuma yake ungeapa kwamba amepiga rula.

"Wengine wanasuka nywele," alizoea kusema. "Mimi nasuka kichwa."

Na alikuwa na sharti jingine, ambalo ndilo lililomletea taabu hii ninayoisimulia. Kichwa kikishakaa kitini pake, hakitoki nusu. Umeme ukikatika, atasukia mlangoni penye mwanga. Mteja akiitwa nyumbani kwa dharura, atamfuata na chanuo lake. Mara moja alimmalizia mwanamke mjamzito kwenye benchi la hospitali, uchungu ukija na kuondoka, na mtoto alipozaliwa alimkuta mama yake amependeza kuliko wauguzi wote.

Katika vichwa vyote alivyovishika, kimoja alikiheshimu kuliko vingine: kichwa cha Mwalimu.

Mwalimu ndiye mwanamke aliyemfundisha hesabu kuanzia darasa la nne hadi la saba, na ndiye mtu wa kwanza duniani kumsifu. Siku hiyo Bi Mstari, mtoto bado, alikuwa amepoteza rula, akachora pambizo la daftari kwa mkono mtupu. Mwalimu akasimama juu yake, akatazama, kisha akaliinua daftari mbele ya darasa zima. "Tazameni. Huyu ana jicho." Baada ya darasa la saba Bi Mstari hakuendelea na shule, maana kwao walikuwa saba na yeye ndiye kifungua mimba. Lakini lile neno alitoka nalo pale shuleni, na likamlisha.

Miaka mingi baadaye Mwalimu alipita, akaona mlango wa kijani, akaingia, akakaa. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi ya pili, kwa miaka thelathini na mmoja. Mtindo wake haukubadilika: mistari minane ya kurudi nyuma, ile inayoitwa twende kilioni, minne kulia na minne kushoto. Hakutaka saba wala tisa.

"Saba haigawanyiki kwa mbili," alisema Mwalimu, "na tisa ni majivuno."

Sasa Mwalimu alikuwa ametimiza miaka themanini, na kusahau kulimwingia kama mchwa: nje nyumba imesimama, lakini ukigonga ukuta unasikia vumbi likianguka ndani. Alisahau njia ya nyumbani kwake, kisha majina ya watoto wake, kisha kama amekula. Na alisahau kukaa. Kusuka mistari minane kunataka saa mbili, lakini Mwalimu alikuwa anatulia dakika kumi, kisha anainuka. Bi Mstari anamrudisha. Baada ya dakika tano, anainuka tena.

Mpaka ikafika ile Jumamosi mbaya. Mistari minne ilikuwa imekwisha, Bi Mstari akageuka kidogo tu kuchukua mafuta rafuni. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alimkuta Mwalimu mbali, kwenye geti la shule aliyostaafia, anatafuta kengele ya kugonga. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka. Vijana waliokuwa wakicheza mpira uwanjani walisimama kucheka. Bi Mstari hakuwatukana, ingawa maneno alikuwa nayo ya kutosha. Alivua kilemba chake, akamfunga Mwalimu kichwani, akamshika mkono wakarudi. Njia nzima alihisi kana kwamba ni yeye aliyetoka uchi.

Binti wa Mwalimu aliwakuta mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, karani wa posta, na tangu mama yake aanze kuugua alikuwa na uso wa mtu anayebeba ndoo iliyojaa na haoni mahali pa kuitua.

"Dada, tuache kujidanganya," alisema. "Namnyoa."

"Unamnyoa nani?"

"Mama. Mashine nimeshanunua. Dakika tano, kazi imekwisha. Namwogesha, namlisha, namtafuta barabarani. Na nywele nazo? Mimi nina mikono mingapi?"

"Kunyoa si aibu," alisema Bi Mstari, "ukitaka mwenyewe. Yeye hajataka."

"Hajui anachotaka."

"Akiogopa, huwa anafanya nini?"

Walijua wote wawili. Mwalimu akiogopa, akijikuta katika chumba asichokitambua, huinua kidole na kukipitisha juu ya msuko mmoja, kutoka mbele hadi nyuma, polepole, kisha msuko unaofuata. Akifika wa nane, pumzi yake huwa imetulia. Ukimnyoa, kidole kile kitapita wapi?

"Nipe nafasi moja tu," alisema Bi Mstari.

Binti alimtazama mama yake, aliyekuwa akijaribu kufungua mlango uliokuwa wazi. "Haya. Jumamosi yake ijayo. Ukimkalisha hadi msuko wa mwisho, mimi sitatia neno tena. Lakini akitoka hapa na kichwa nusu kama leo, namnyoa siku hiyo hiyo, hapo hapo kitini pako. Na wewe utafagia."

Maneno mengine hayahitaji kupigiwa kelele. Lile la kufagia lilimkaa Bi Mstari kooni kama mwiba wa samaki.

Kiti cha pili pale saluni kilikuwa cha msusi msaidizi wake, mwanamke wa makamo waliyemwita Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Yeye alikuwa na ushauri wa kila namna.

"Tumpe peremende."

"Atameza, atainuka."

"Tumuwekee tamthilia."

"Televisheni huwa anaitazama kama ukuta."

"Basi tumfunge na leso kitini, Mungu atatusamehe."

"Mungu atasamehe, mimi nitakufukuza kazi."

Bi Mstari alifikiri siku tatu. Akakumbuka jinsi Mwalimu alivyokuwa akiinuka, hatua kwa hatua, kama anavyokumbuka kichwa. Haikuanza miguu. Ilianza mikono. Vidole vilipapasa mapajani, vikapapasa mkono wa kiti, vikatafuta hewani, ndipo mwili ukafuata. Mikono ya mwalimu, iliyoshika chaki na daftari kwa miaka arobaini, ilikuwa inatafuta kazi, na ikikosa humwinua mwenyewe kwenda kuitafuta. Alijaribu kumpa chaki alipokwenda kumsalimu nyumbani. Mwalimu alifurahi sana, akainuka hapo hapo kutafuta ubao.

"Anataka kazi ya mikono isiyomtoa kitini," Bi Mstari alimwambia Redio. "Ipo kazi gani duniani ya namna hiyo?"

"Uwaziri," alisema Redio.

Bi Mstari alicheka, na wakati anacheka macho yake yakatua chini ya meza ya televisheni. Kulikuwa na kitu pale ambacho kwa miaka tisa kilikuwa kikibeba makopo ya mafuta ya nywele. Ilikuwa mashine ya gemu ya kitinda mimba wake, aliyeiacha siku alipooa na kuhamia mji mwingine kuchomelea vyuma. Weusi wake ulikuwa umegeuka kijivu kwa vumbi. Nyaya zake Bi Mstari alizifunga mwenyewe kwa uzi wa kusukia ili zisizagae, akaisahau. Vile vidude vyake viwili vya kushika kwa mikono miwili, ambavyo vijana huviita pedi, vilikuwa ndani ya boksi la rasta.

Akampigia kijana wake simu.

"Mama, lile kopo langu la gemu bado lipo?" kijana alishangaa. "Litupe bwana."

"Wewe nilikubeba miezi tisa sikukutupa. Hili nimelibeba miaka tisa. Niambie linavyowashwa."

Kijana akamwelekeza. Televisheni ya saluni ilikuwa ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, na kumbe hiyo hiyo ndiyo mashine iliyokuwa inaitaka. Waya wa njano kwenye tundu la njano, mwekundu kwenye jekundu, mweupe kwenye jeupe. Mfuniko haufungi vizuri, uwekee kitu kizito juu. Bi Mstari akaweka kopo la mafuta, pale pale lilipokuwa siku zote. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, na mbachao huu ulikuwa na kopo lake tayari.

Lakini sidii, ile sahani yenye gemu, ilikuwa imefifia na kukwaruzika. Sasa mtu ambaye ameshika nywele miaka arobaini na miwili, ukimwonyesha kitu kilichokauka na kupoteza mng'ao, dawa yake anaijua. Alichota mafuta ya nazi kwa kidole, akaipaka sidii pande zote mbili, akaisugua mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Mashine ilinguruma kama tumbo lenye njaa, ikakaa kimya.

"Umepaka nini?" kijana aliuliza kwenye simu. Alipojibiwa, alicheka mpaka wenzake kazini wakasikika wakimuuliza kulikoni. "Mama, ioshe! Ioshe kwa sabuni laini!"

Akaiosha kwa shampuu, akaisuuza mara mbili kama anavyosuuza kichwa. Redio, kwa kutaka kusaidia, alikuwa ameshawasha mashine ya kukaushia nywele.

"Huo mlio wa nini?" kijana alipiga kelele. "Mama, msiikaushe kwa draya! Itajikunja!"

Wakaipangusa kwa kipande cha kitambaa cha pamba. Bi Mstari akairudisha, akaweka kopo juu ya mfuniko. Mara hii kioo cha televisheni kikajaa rangi, ngoma ikapiga, na magari manane yakatokea barabarani yakitetemeka kwa hamu ya kuondoka. Wanawake wawili watu wazima walipiga vigelegele kana kwamba kuna aliyejifungua.

Jaribio la kwanza lilifanywa kichwani kwa Redio. Alikaa, akashika pedi, gari likaondoka, na mdomo wake ukafungwa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Mikono ilikuwa na kazi, na mwili ulikuwa kitini. Bi Mstari alitabasamu, akaweka ncha ya chanuo kwenye paji la uso, akaanza kupasua njia. Gari likafika kwenye kona, Redio akalala kulia, chanuo likakwenda kushoto.

Njia ile ilipinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea.

"Kaa wima!"

"Mimi nimekaa wima, gari ndiyo inakata kona!"

"Kata kona kwa vidole, usikate kwa shingo!"

"Haiwezekani, Bi Mkubwa. Utatoka barabarani."

Bi Mstari akafumua, akapasua upya. Ikapinda tena. Wiki ile kila mteja aliyekubali kujaribu alilala na gari lake, mama wa watoto sita na msichana wa chuo, wote sawa. Aliwagombeza mpaka akachoka. Mwishowe akakaa yeye mwenyewe kitini, akasema nitawaonyesha jinsi mtu mwenye nidhamu anavyoendesha, akashika pedi. Kona ya kwanza tu, Redio akaanza kucheka.

"Nini?"

"Jitazame kwenye kioo."

Akajitazama. Alikuwa amelala upande kama mnazi uliopigwa na upepo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Basi akakubali. Haikuwa utovu wa nidhamu. Macho yakikata kona, shingo inafuata, na hakuna mwalimu wala polisi awezaye kuikataza.

Ilibaki wiki moja. Mtu mwingine angeirudisha mashine chini ya meza. Bi Mstari alianza kufika saluni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wateja, akaijaribu barabara moja baada ya nyingine. Zilikuwamo saba. Alipita milimani, alipita mjini kwenye taa, alianguka darajani mara zisizo na idadi. Chai yake ilipoa kila siku. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alikuwa na kitu cha kufanya ambacho si cha mtu mwingine, na sitasema uongo, kilimfurahisha. Siku ya nne aliruka daraja bila kuanguka, akainuka na kuucheza ushindi ule peke yake katikati ya viti.

Barabara ya saba ilikuwa ya chini kabisa kwenye orodha. Kijana wake alikuwa ameidharau siku zote. "Hiyo ya watoto, Mama. Ni duara tu. Kushoto, kushoto, kushoto, hadi uzeeke."

Bi Mstari akaingia duara lile. Kushoto. Kushoto. Akajitazama kwenye kioo. Kichwa chake kilikuwa kimelalia kushoto, na hakikuyumba. Kililala tu pale, kimetulia, na upande wote wa kulia ulikuwa umeanikwa juu kama nguo kwenye kamba, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, unangoja msusi.

Akaweka pedi chini polepole.

Kichwa kilicholala bila kuyumba ni sawa na kichwa kilichosimama. Ni msusi tu ndiye wa kuinama nacho. Minne ya kulia inasukika. Na minne ya kushoto? Akampigia kijana simu kabla hajanawa uso.

"Ipo sehemu ya kugeuza," kijana alisema, akipiga miayo. "Magari yanakimbia kinyume, kona zote zinakuwa za kulia. Lakini Mama, nani anataka kucheza hiyo?"

"Mtu mmoja," alisema Bi Mstari.

Jumamosi ilifika. Saa nne asubuhi binti alimleta Mwalimu, mkoba wake begani, na waya wa mashine ya kunyolea ukichungulia nje ya zipu. Hakuingia. "Naenda sokoni. Saa sita nipo hapa."

"Shikamoo Mwalimu," alisema Bi Mstari.

"Marahaba, binti. Umefanya kazi ya nyumbani?"

"Nimefanya, Mwalimu."

"Nitaisahihisha."

Akakaa. Bi Mstari akamwekea pedi mikononi. Mwalimu aliitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mtu mwingine. "Hii nini? Mimi sichezi." Akairudisha. Vidole vikaanza kupapasa mapajani.

Redio ndiye aliyeokoa, maana mdomo nao una siku yake. Alionyesha kioo, magari manane yaliyokuwa yakitetemeka kwenye mstari. "Mwalimu, hawa wanataka kukimbia ovyo uwanjani, na hakuna mkubwa wa kuwaangalia."

Mwalimu akatazama. Mgongo wake ukanyooka. "Nani amewaruhusu?"

"Hakuna."

"Lete hapa."

Akaishika juu chini. Bi Mstari akaigeuza, akaweka kidole gumba chake juu ya kidole gumba cha Mwalimu, wakabonyeza pamoja mpaka gari likasogea. Likagonga ukuta. Likarudi nyuma. Likaenda mwendo wa kobe, na magari mengine yakampita yakivuma, yakazunguka duara, yakampita tena.

"Tangulieni," Mwalimu aliyaambia. "Mtajikwaa wenyewe. Wewe mwekundu, acha kusukuma wenzako!"

Na kila kona, alilala kushoto.

Bi Mstari aliinama naye. Ncha ya chanuo ikagusa paji la uso, ikashuka hadi kisogoni mara moja, bila kurudia. Msuko wa kwanza. Nywele za Mwalimu zilikuwa nyeupe na laini sasa, zinateleza vidoleni kama hariri, zinataka mkono mwepesi. Wa pili. Redio alikuwa akianzisha mashindano upya kila yalipokaribia mwisho, mbio mbio, kabla ya muziki. Wa tatu. Nje watu walipita, mmoja akachungulia, Redio akamfukuza kwa jicho. Wa nne ulipofungwa, mgongo wa Bi Mstari ulikuwa unawaka moto, lakini upande wa kulia ulikuwa umekamilika, na hakuna mtu aliyeinuka.

Ndipo mambo yakaharibika. Kugeuza barabara kulitaka mashindano yafike mwisho kabisa. Magari yakasimama, muziki ukalia, orodha ya washindi ikaja, Mwalimu wa nane kati ya wanane. Mwalimu akaweka pedi mapajani.

"Kengele," alisema, na akainuka.

Bi Mstari alikuwa ameshika nywele. Aliachia, maana angeshikilia angemuumiza. Redio alibonyeza na kubonyeza, vidole vyake vimejaa mafuta, kitufe kinateleza, orodha inapanda na kushuka. Mwalimu alikwenda zake, hatua moja, hatua mbili, nusu kichwa kama ile Jumamosi. Akafika mlangoni. Mkono wake ukagusa kitasa.

Bi Mstari alijua hawezi kumshika. Mtu mzima haburutwi. Akasimama katikati ya chumba chake mwenyewe na chanuo mkononi, miaka sitini na minne, fundi ambaye mtaa mzima unamwamkia. Katika miaka yote minne ya hesabu hakuwahi hata siku moja kunyoosha mkono na kukiri. Wenzake walinyoosha. Yeye, kwa kiburi, alikwenda nyumbani akaumiza kichwa mpaka akalipata jibu mwenyewe. Sasa aliinua mkono wake wa kulia, ule ule wenye chanuo, juu ya kichwa.

"Mwalimu," alisema. "Mimi sijaelewa."

Mwalimu akasimama.

Akageuka. Macho yake yalitafuta chumbani, yakaukuta ule mkono. Hakuna ugonjwa, nawaambia, uliokuwa umefika mahali lilipokuwa limehifadhiwa jambo lile.

"Hujaelewa wapi?"

"Hapa. Hizi zinazokwenda kinyume."

"Mbona hukusema mapema?" Alirudi, akakaa, akanyoosha mikono. "Lete. Tazama mkono wangu."

Redio alikuwa ameipata. Magari yaligeukia upande wa pili. Kona ya kwanza ikaja, ya kulia, na kichwa cha Mwalimu kikalala kulia, taratibu, na upande wa kushoto ukajianika. Bi Mstari alizunguka kiti. Akapasua wa tano. Ulinyooka.

Walikuwa kwenye wa saba binti alipoingia, mapema kuliko alivyosema, na mkono wake tayari kwenye zipu ya mkoba. Akasimama kizingitini. Alimwona mama yake kitini, saa moja na nusu baada ya kumwacha, mgongo umenyooka, anawakaripia watu wasiokuwepo.

Mwalimu hakugeuza macho kutoka kwenye televisheni. "Na wewe umechelewa," alisema. "Kaa."

Binti alikaa kwenye kiti cha Redio. Redio, bila neno, akamwekea pedi ya pili mikononi, akabonyeza, na kioo kikagawanyika mara mbili, mama juu, binti chini. Binti alitaka kusema hajui. Gari lake lilikuwa limeshaondoka. Likagonga ukuta, likarudi, likamkuta mama yake pale nyuma kabisa alikokuwa, magari mawili yakienda sambamba mwendo wa kobe.

"Usinisukume," alisema Mwalimu.

"Sikusukumi, Mama. Wewe ndiye umekuja kwangu."

"Shika upande wako."

Kwa mwaka mzima na nusu wawili hawa hawakuwa wamefanya jambo lolote pamoja isipokuwa kulishana na kuogeshana. Kona ikaja, vichwa viwili vikalala kulia kwa pamoja, na Bi Mstari, aliyekuwa akisuka wa nane, akalala nao. Binti alianza kucheka. Alicheka na machozi yakatoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na gari lake likaingia majanini.

Bi Mstari alifunga uzi wa mwisho. Akapaka mafuta kidogo, kidogo tu, maana hapakuwa na kosa la kuficha. Akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Minne, na minne.

"Nilikuja kunyoa," alisema binti polepole, pedi bado mkononi.

"Najua. Waya unachungulia mkobani tangu saa nne."

"Nilikuwa nimechoka, Dada. Sikuwa na ubaya."

"Hukuwa nao. Hata mimi ningechoka." Bi Mstari alimpangusa Mwalimu shingo kwa kitambaa. "Jumamosi ya pili, saa nne. Na wewe usiende sokoni tena. Kaa uendeshe. Unagonga kuta kupita mama yako."

Waliondoka wameshikana mikono. Barabarani vijana wa mpira walikuwapo, na hakuna aliyecheka. Mmoja alisema shikamoo. Bi Mstari alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiifuata ile mistari kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona.

"Jivune basi," alisema Redio nyuma yake. "Hakuna anayekukataza."

"Najivuna," alisema Bi Mstari. "Hujaona?"

Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha mteja, akachukua pedi ambayo ilikuwa bado na joto la mikono ya Mwalimu, akaiacha ile barabara ya duara na kuchagua ya milimani, yenye kona za kila upande, maana sasa hapakuwa na njia ya mtu ya kulinda, na mteja wa saa saba alikuwa bado hajafika.